Kuitembea Mombasa kwa saa zake: mwongozo kwa mgeni wa siku nne

Wageni wengi niliowapokea Mombasa wamekuja na orodha ndefu ya mahali pa kuona, wakarudi kwao na picha nyingi na ngozi iliyoungua. Orodha zao zilikuwa sawa. Kilichowaponza ni saa. Waliingia Ngomeni, yaani Fort Jesus, saa saba mchana, jua liko utosini. Walifika pwani maji yamekupwa hadi mwambani. Waliutembea Mji wa Kale adhuhuri ya Ijumaa, milango ya maduka imeshushwa.

Mji huu huenda kwa saa tatu: ya jua, ya maji na ya adhana. Ukizijua hizo, siku nne zinatosha kuuona vizuri bila kukimbizana.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kwa kuangalia upepo

Kaskazi huvuma kuanzia kama Desemba hadi Machi. Joto huwa kali, lakini bahari imetulia na maji ni maangavu, kwa hivyo anayekuja kupiga mbizi au kuona samaki kwenye matumbawe huu ndio wakati wake. Kusi huanza Aprili, na masika huja nayo; mwezi wa Mei mvua inaweza kukufungia chumbani siku mbili mfululizo. Kusi pia huleta mwani mwingi ufuoni na mawimbi ya vurugu.

Mimi humwambia mgeni achague kati ya Januari na Februari, au kuanzia mwisho wa Julai hadi Oktoba, wakati ambapo usiku una ubaridi mtamu. Wiki mbili za mwisho za Desemba nusu ya Nairobi huteremka Pwani. Bei za vyumba hupanda, treni hujaa, na foleni ya Nyali hukula saa zako. Kama ni lazima uje wakati huo, weka nafasi ya kulala na ya kusafiri miezi miwili kabla.

Hatua ya 2: Fika bila kuchoka

Kutoka Nairobi, treni ya Madaraka Express, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ndiyo njia ninayoipendekeza. Inaondoka Syokimau saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri na saa nne usiku. Ya asubuhi husimama vituo vya njiani, ya alasiri hukaza mwendo. Tangu Januari 2024 nauli ya mtu mzima ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Nafasi huwekwa kwa simu, *639#. Chukua ya asubuhi kama hujawahi kupita Tsavo, maana ndovu wekundu wa vumbi lile huonekana dirishani. Ya usiku hutaona chochote.

Jambo moja huwasumbua wageni: treni haifiki mjini. Kituo kiko Miritini, bara, na kuna mwendo wa matatu au tuktuk kupita Changamwe na Makupa kabla ya kuingia kisiwani. Patana bei ya tuktuk kabla ya kupandisha mzigo. Anayekwenda Diani moja kwa moja hana haja ya kuingia mjini wala kupanga foleni ya feri, kwani barabara ya Dongo Kundu inaunganisha Miritini na Kusini.

Wanaotoka Dar es Salaam na Tanga huja kwa basi kupitia Horohoro na Lunga Lunga. Pasipoti au hati ya kusafiria iwe mkononi, siyo ndani ya begi lililofungiwa chini ya basi.

Hatua ya 3: Amua utalala upande gani wa maji

Mombasa ni kisiwa. Kaskazini unavuka daraja la Nyali kwenda Nyali, Bamburi, Shanzu na Mtwapa. Kusini unavuka Likoni kwenda Shelly, Tiwi na Diani. Asubuhi magari yote yanaelekea kisiwani, jioni yote yanatoka. Anayelala Bamburi akipanga kuona Mji wa Kale saa mbili asubuhi ataiona asubuhi hiyo kupitia kioo cha matatu.

Kwa hivyo, siku mbili za kwanza lala kisiwani, kwenye nyumba ya wageni ya kawaida, hata kama hakuna bahari dirishani. Siku mbili za mwisho hamia ufuoni.

Hatua ya 4: Asubuhi ya kwanza, uwe barabarani saa moja

Anza na tumbo. Chakula cha asubuhi cha Mombasa ni mahamri na mbaazi za nazi. Mahamri mazuri yana iliki inayonukia kabla hujayauma, na ndani ni matupu ili upate pa kutia mbaazi. Tafuta kibanda ambacho wenyeji wamesimama kusubiri. Kufika saa tatu ukakuta sufuria limeoshwa ni jambo la kawaida, kwa sababu kitu kizuri hapa hupikwa kidogo na huisha mapema.

Saa mbili Fort Jesus inafunguliwa. Wenyeji hupaita Ngomeni. Malipo ni kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, basi simu iwe na chaji na bando, na beba kitambulisho, maana raia, mkaazi na mgeni wa nje hawalipi sawa.

Usikimbie humo ndani. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano, na umbo lake ukiliangalia kutoka juu ni kama la mtu aliyelala chali. Kuta zimesimama juu ya mwamba wa matumbawe wenyewe, na sehemu nyingine mwamba ndio ukuta. Mwaka 1696 Waomani waliizingira, na mzingiro ule ulidumu hadi Desemba 1698. Njaa na maradhi viliua wengi kuliko mizinga. Waingereza baadaye waliigeuza jela, hadi 1958. Tangu 2011 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Vitu viwili usivikose. Cha kwanza ni michoro ambayo Wareno waliichora ukutani, ya majahazi na watu, mistari ya mkono wa mtu aliyekuwa na muda mrefu wa kukaa na kungoja. Cha pili ni vyombo vilivyopandishwa kutoka kwenye meli ya Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 ilipokuja kuwaokoa waliozingirwa. Halafu panda nyumba ya Kiomani juu ya boma uangalie mlango wa bahari. Ukisimama pale huhitaji kuelezwa kwa nini watu walikufa kwa ajili ya kijilima hiki.

Ukitaka mtembezi wa kukuongoza, chukua mwenye kitambulisho, na mkubaliane ujira na muda kabla ya hatua ya kwanza. Mtembezi mzuri ni hazina. Yule anayeanza kutembea nawe bila kusema bei atakutajia mwishoni, mbele za watu, nawe utaona haya kukataa.

Kutoka Ngomeni ingia Ndia Kuu. Hapa ndipo nakuomba utembee polepole kuliko unavyodhani inafaa. Angalia roshani za mbao juu, na milango yenye nakshi: ya Kiswahili na ya Kihindi hazifanani, na baada ya milango kumi utaanza kuzitambua mwenyewe. Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa ni wa 1570, una mnara mnene usiofanana na minara ya siku hizi. Endelea hadi bandari ya kale, ambako majahazi yalikuwa yakiingia na kaskazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi yakiwa na tende, mazulia na vyombo vya shaba, yakarudi na kusi na boriti za mikoko.

Huu ni mtaa wa watu wanaoishi, si jumba la maonyesho. Funika mabega na magoti, wanaume kwa wanawake. Salimia kwanza. Mkubwa kwako ni “shikamoo”, na mwanamke aliyeketi barazani ni “mama” kabla hujamuuliza njia. Usipige picha ya mtu bila ruhusa, wala ya watoto kamwe bila mzazi wao kusema sawa. Ukiomba kwa adabu, aghalabu utaambiwa karibu ndani, uone ua.

Jua likifika utosini, rudi ulale. Sisemi kwa utani. Kuanzia saa sita hadi saa tisa mji wenyewe hupumzika, na siku ya Ijumaa maduka mengi ya Mji wa Kale hufungwa kwa ajili ya swala. Mchana wa Ijumaa utumie kula biriani.

Hatua ya 5: Nunua alasiri, na anzia Marikiti

Marikiti ni soko la viungo, na jengo lake ni la 1914. Nenda saa tisa unusu. Usinunue vifurushi vilivyokwisha fungwa na kupangwa kwa rangi. Hivyo ni vya wageni na havijulikani vimekaa muda gani. Omba bizari ya pilau upimiwe na usagiwe palepale. Iliki bora ni ya kijani, imejaa, na ukiivunja mbegu zake ni nyeusi na zinanata. Karafuu nzuri, ukiibana kwa ukucha, hutoa mafuta.

Kutoka hapo ni hatua chache hadi Biashara Street, mtaa wa leso. Wenzetu wa Bara na Tanzania huita kanga, na hapa utasikia yote mawili. Leso huuzwa kwa jozi, haijakatwa, na fundi wa cherehani yuko nje ya duka anakungoja akupindie kwa fedha kidogo. Lakini kabla ya kuangalia rangi, soma jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Leso ina pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina, na jina ndilo linalozungumza. Usimpelekee mama mkwe leso kwa kuwa rangi yake ni ya samawati nzuri, akaifungua mbele ya jamaa akakuta kijembe. Ukiwa na wasiwasi, mwambie muuzaji unampa nani. Wanawake wanaouza leso hujua majina yao kama mtu anavyojua wanawe, na watakuchagulia. Tafuta leso za Kaderdina zilizoandikwa “Mali ya Abdulla”. Nyumba hiyo imekuwa ikiuza leso Mombasa tangu karne ya 19.

Mtaa huohuo una vikoi, kofia za kushonwa kwa mkono, udi na marashi. Kofia ya mkono iliyo nzuri huchukua mshonaji wiki nyingi, kwa hivyo usiitolee bei ya kofia ya mashine. Kupatana bei ni sehemu ya mazungumzo, na huanza na salamu, siyo na nusu ya bei.

Vinyago nunua kwa watu wanaovichonga. Chama cha ushirika cha Akamba huko Changamwe kimekuwepo tangu 1963, na wachongaji utawakuta chini ya vibanda wakipigia mbao mashoka. Bombolulu, upande wa kaskazini, kuna karakana za watu wenye ulemavu, zilizoanzishwa 1969, zinazotengeneza mapambo, mikoba na nguo kwa ustadi mkubwa. Fedha yako huko inafika mikononi panapostahili, na hiyo kwangu ni sababu tosha ya kupanda matatu kwenda.

Mambo mawili ya sheria: mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, basi nunua kikapu siku ya kwanza. Na usinunue makombe ya baharini, matumbawe wala gamba la kasa, hata ukiambiwa yameokotwa.

Hatua ya 6: Jioni, kula ukiwa umesimama

Hoteli zenye meza na vitambaa zipo, na Tamarind ya Nyali, inayotazama mji kutoka ng'ambo ya maji, ni mahali pa kumpeleka mtu unayetaka kumwambia neno zito. Ila Mombasa inaliwa barabarani.

Saa kumi na moja nenda Mama Ngina, ufuo wa kusini wa kisiwa, uliokarabatiwa na kufunguliwa upya 2019. Kaa chini ya mibuyu. Agiza muhogo wa kuchoma uliopasuliwa, ukatiwa pilipili na ndimu, na dafu la kuteremshia. Meli za makontena zinaingia Kilindini karibu kiasi cha kuona watu waliosimama juu yake. Wenyeji huja hapa na familia zao, hasa Jumapili, na mgeni akikaa kimya kidogo hupata wa kuzungumza naye.

Usiku ukiingia, fuata moshi wa mishkaki. Viazi karai huliwa vikiwa moto, na ukwaju wake uwe mzito. Supu ya pweza hutafutwa usiku. Wali wa nazi na samaki wa kupaka ni chakula cha kukalia, usikile kwa haraka. Na kabla ya kulala kunywa kahawa tungu kutoka kwenye dele la shaba, kikombe kidogo kisicho na sukari. Utamu wake unatoka kwenye kashata au haluwa unayoitafuna pembeni. Ukimaliza, mrudishie muuzaji kikombe mkononi, usikiache chini.

Maji ya chupa ndiyo salama kwa tumbo la mgeni, na kachumbari ya mahali usipopajua iache siku ya kwanza.

Hatua ya 7: Soma maji kabla ya kwenda baharini

Mgeni mmoja wangu alilipia mashua ya kioo, akafika ufuoni akakuta mchanga na majani ya bahari hadi upeo wa macho. Alikasirika sana. Mwenye mashua hakuwa na kosa. Ilikuwa bamvua, na maji yalikuwa yamekupwa.

Hesabu yake ni rahisi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hupwa mbali na kujaa sana. Siku hizo Mombasa hupwa karibu saa nne au saa tano asubuhi, na kujaa karibu saa kumi au saa kumi na moja jioni. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Kwa hivyo baada ya wiki moja mambo yamegeuka: yanajaa kati ya asubuhi na yanapwa jioni, na tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Hayo ni maji mafu. Angalia jedwali la maji, au muulize mvuvi yeyote, kisha panga: kuogelea maji yakiwa juu, kutembelea mwamba yakiwa chini.

Ukienda mwambani vaa viatu vya kuingilia maji, fuatana na mtu anayepajua, na urudi mara tu maji yanapogeuka, kwani hujaa nyuma yako kabla hujayaona mbele. Kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, usikitoe majini kwa ajili ya picha. Anakufa.

Bamburi, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao wengi huuita Pirates, una ngamia, maboya ya kukodi na kelele za furaha kila wikiendi. Ni mahali pazuri pa watoto. Anayetaka utulivu aende Diani au Tiwi. Kuvuka kwa miguu feri ya Likoni ni bure. Shika mkoba mbele yako, epuka alfajiri na magharibi, na simu iache mfukoni.

Karibu na hapo Bamburi usiipite Haller Park. Lilikuwa timbo la kiwanda cha saruji, jangwa la mawe meupe. Kuanzia 1971 René Haller, Mswisi, alipanda humo mivinje, karibu mti pekee uliokubali, kisha akaleta majongoo wakatafuna majani yaliyoanguka hadi yakawa udongo. Leo ni msitu wenye twiga na viboko. Hapa ndipo kiboko mdogo Owen, aliyebaki peke yake baada ya mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004, alipojibanza kwa kobe mzee aitwaye Mzee, wakaishi pamoja. Uliza mlangoni saa za kulisha twiga, na peleka watoto.

Hatua ya 8: Ikiwezekana, linganisha safari na sikukuu

Wengi hukwepa Ramadhani. Mimi nasema njoo, ukiwa tayari kuiheshimu. Mchana Mji wa Kale hakuna pa kula, na wewe usile wala kunywa hadharani. Lakini tangu alasiri barabara hujaa meza za kaimati, vibibi, sambusa, mkate wa sinia na tambi za sukari, na baada ya tarawehe, swala ya usiku ya Ramadhani, mji hauko tayari kulala hadi usiku wa manane. Idd inapofika, watoto wenye nguo mpya humiminika Makadara kwenye bembea na vyakula. Tarehe hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, basi angalia kalenda ya mwezi.

Maulidi huleta zefe, watu wakipita mitaani na dufu na kaswida. Simama pembeni, tulia, usikatize msafara. Mombasa Carnival huwa Novemba, na ngoma za makabila mengi hupita Moi Avenue, chini ya pembe kubwa za ndovu. Thibitisha mapema kama mwaka wako ipo. Maonyesho ya kilimo hufanyika Mkomani, na kama una watoto wanaopenda ng'ombe wakubwa, watafurahi.

Na ukialikwa harusi, kubali. Hakuna tamasha litakaloshinda usiku wa taarab katika mji aliouimbia Juma Bhalo.

Hatua ya 9: Siku ya kuondoka

Kama treni yako ni ya saa tisa alasiri, toka mjini saa sita. Changamwe haina huruma, na Miritini mizigo hupangwa chini ikanuswa na mbwa, kisha ikapita kwenye mashine. Vikoi na leso viweke chini ya begi, haluwa juu, kwenye mfuko wa peke yake, maana siku ya joto mafuta yake hupenya. Asubuhi hiyo pita tena kwenye kile kibanda cha siku ya kwanza, ufungiwe mahamri kumi katika gazeti. Manne utayala kabla ya Voi.